Jina la mke wa Akbar

Msomaji mmoja wa Nakuru ameniandikia hivi: “Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mkristo, nimechumbiwa na kijana Mwislamu, Mluhya wa Mumias. Juzi tulitazama pamoja filamu ya Kihindi, Jodhaa Akbar, na tangu siku hiyo mchumba wangu ananiambia nisiwe na hofu, ataniachia dini yangu kama mfalme Akbar alivyomwachia Jodhaa. Mama naye ananiambia hayo ni mambo ya sinema, nisidanganyike. Nani mkweli? Na je, wale wawili walipendana kweli au tumetiliwa chumvi?”

Marahaba, binti yangu. Swali lako nimelisoma, nikamsomea na mke wangu, maana filamu hiyo tuliitazama pamoja hapa Kisumu. Ilitoka Februari 2008. Wewe wa Nakuru, hata kama ulikuwa mtoto, utakuwa umesimuliwa Februari ile ilikuwaje kwetu na kwenu. Nyumba zilichomwa, na mke na mume waliotoka makabila mawili walijikuta kila mmoja anaitwa na kwao. Filamu ilitufikia miezi baadaye, kwenye sidii, na zaidi ya saa tatu zake tulizikalia bila kuinuka. Kwa hiyo sikujibu kama mtu anayeona ni hadithi ya kupitisha Jumapili. Najibu kama mwalimu wa historia, na nitajitahidi kukutenganishia kilichoandikwa na walioishi wakati ule na kilichotungwa na waliotaka tulie.

Ndoa ilikuwepo. Ilifungwa mwanzoni mwa 1562 huko Sambhar, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Rajasthan. Akbar, mfalme Mwislamu wa nasaba ya Mughal iliyotawala Uhindini, alikuwa na miaka 19. Alikuwa ametawala tangu akiwa na miaka 13, na wakati huo alikuwa safarini kuzuru kaburi la walii Khwaja Muinuddin Chishti kule Ajmer. Bibi harusi alikuwa binti mkubwa wa Raja Bharmal, mtawala wa Amber, ufalme mdogo wa huko. Alikuwa Mhindu, wa ukoo wa Warajput, watu wa upanga na utawala.

Sasa sikiliza kwa nini baba mtu alimtoa. Bharmal alikuwa amebanwa. Liwali wa Akbar katika eneo lile, Sharif-ud-din Husain, alikuwa ameshikamana na Suja, mtoto wa ndugu yake Bharmal, aliyekitaka kiti cha Amber. Liwali huyo alidai kodi na kuwashika watoto wa nyumba ya Bharmal wawe rehani. Mzee akaona njia iliyobaki ni kumpita liwali na kwenda kwa bwana wake moja kwa moja. Alijisalimisha kwa Akbar na kumpa binti. Akbar akaagiza mateka warudishwe. Ukiniuliza kama siku ile palikuwa na mapenzi, nitakuambia palikuwa na hofu upande mmoja na hesabu ya utawala upande wa pili. Filamu hailifichi hilo, na kwa hilo naiheshimu. Inamwonyesha binti aliyeshtuka na mama yake anayelia.

Kuhusu jina lake, hapa nataka tukae kidogo. Mwandishi mkuu wa habari za Akbar alikuwa Abul Fazl. Ameandika kurasa kwa mamia juu ya mfalme, vita vyake, tembo wake na sheria zake. Huyu mke aliyemzalia mfalme mrithi wa kiti, hakulitaja jina lake la kuzaliwa. Alimwandika kama binti wa Bharmal, basi. Abul Fazl mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka 11 harusi ilipofungwa, na aliingia kwenye baraza la mfalme mwaka 1574. Majina kama Harkha Bai na Hira Kunwari yanapatikana kwingine, lakini si kwake.

Basi “Jodha” limetoka wapi? Wengi wa wanahistoria wanaona jina hilo linamfaa mwanamke mwingine kabisa: binti wa kifalme wa Jodhpur aliyeolewa mwaka 1586 na Salim, mwana wa Akbar. Ndiye aliyemzaa Shah Jahan, yule aliyejenga Taj Mahal. Katika karne ya 19 afisa Mwingereza, James Tod, aliyeandika historia ya Rajasthan, alizichanganya habari hizo, na mwaka 1960 filamu kubwa ya Mughal-e-Azam ikalibandika jina hilo kwa mke wa Akbar mbele ya mamilioni ya watazamaji. Hii ya 2008 ilipotoka, Warajput wa Rajasthan waliandamana kwa sababu ya jina hilo, na haikuonyeshwa huko. Filamu yenyewe inaanza kwa kukiri kwamba watu hawajakubaliana juu ya jina.

Mtu wa Kisumu hahitaji kufafanuliwa sana jinsi kosa hilo linavyotokea. Huku kwetu mwanamke akiolewa kutoka Alego anaitwa nyar Alego, binti wa Alego. Akitoka Gem ni nyar Gem. Majirani watamwita hivyo miaka 40, watoto wa boma watakua wakilisikia hilo tu, na siku ya mazishi yake wajukuu wanasoma jina lililoandikwa kwenye jeneza na kuulizana ni la nani. Jodha Bai ni hivyohivyo: bibi wa Jodhpur, nyar Jodhpur. Na mke wa Akbar hakuwa nyar Jodhpur. Alikuwa nyar Amber. Wamepewa jina moja mama mkwe na mkaza mwana wake.

Jina alilojulikana nalo kasrini alilipata baada ya kumzaa Salim, Agosti 1569. Aliitwa Mariam-uz-Zamani, Mariamu wa zama. Neno hilo la mwisho hata wewe unalijua, ni zamani yetu ileile, kutoka Kiarabu kilekile. Mwanamke Mhindu, katika kasri la Waislamu, anapewa jina la mama yake Yesu. Liliwachanganya watu hadi wakazuka waliosema Akbar alikuwa na mke Mkristo. Nimelitaja kwa sababu yako. Mariamu anaheshimiwa katika Biblia yako na katika Kurani ya mchumba wako, ana sura nzima yenye jina lake, na kama mnatafuta mahali pa kuanzia mazungumzo ya dini na wakwe, hapo ni pazuri.

Tuje kwenye dini yake, maana ndilo swali lako. Katika filamu, Jodhaa anatoa masharti mawili kabla ya ndoa: asibadilishwe dini, na awekewe madhabahu ya mungu wake Krishna ndani ya kasri. Akbar anayakubali na kuyatangaza mbele ya watu wote. Onyesho zuri sana. Katika habari za Abul Fazl masharti hayo hayamo. Ni kazi ya watunzi.

Lakini mama yako asishangilie mapema. Tokeo la masharti hayo lipo kwenye maandishi, na shahidi wake ni mtu asiyelipenda. Palikuwa na mwanachuoni mmoja kasrini, Badauni, Mwislamu mwenye msimamo mkali, aliyeandika historia yake kwa siri kwa sababu mambo ya Akbar yalimchukiza. Katika manung’uniko yake anaeleza kwamba tangu ujana wake Akbar alikuwa akishiriki ibada ya moto ya Kihindu ndani ya nyumba za wanawake, kwa kuwaridhisha wake zake mabinti wa marajah. Analalamika pia kwamba kwa kukaa nao mfalme aliacha nyama ya ng’ombe, vitunguu na vitunguu saumu. Mimi huwaambia wanafunzi wangu: mtu anayesimulia jambo huku limemkereketa hana sababu ya kulibuni ili kumpamba mfalme. Kwa hiyo naamini wanawake wale waliendelea kuabudu kwa njia yao, na mume wao alikaa nao katika ibada hiyo badala ya kuwavumilia kwa mbali tu. Kule Fatehpur Sikri, mji aliouanza mwaka 1571, jumba kubwa la wanawake bado limesimama, na nguzo zake na mapambo yake ni ya mafundi wa Gujarat na Rajasthan. Mke aliendelea kuona majengo ya sura ya kwao.

Wakwe nao walitendewa kama ndugu. Bhagwant Das, kaka wa bibi harusi, na Man Singh wa kizazi kilichofuata, walibaki Wahindu na wakapanda hadi juu kabisa katika jeshi la Akbar. Hilo ndilo lililokuwa jipya. Watawala Waislamu waliooa mabinti wa Warajput walikuwepo kabla yake. Yeye akaigeuza posa kuwa undugu.

Mwaka 1563 alifuta kodi waliyotozwa mahujaji Wahindu, baada ya kuikuta ikitozwa Mathura, mji mtakatifu wa Wahindu, alikokwenda kuwinda, na mwaka 1564 akafuta jizya, kodi ya kichwa waliyotozwa wasio Waislamu. Filamu inatuonyesha kana kwamba kodi ile ya mahujaji ilifutwa kwa sababu ya mapenzi. Laiti ningeweza kukuthibitishia! Nami pia ningependa iwe hivyo. Miaka inakaribiana na ndoa, na siwezi kuamini kwamba mke hakuwa na neno lolote masikioni mwa mumewe, ila maandishi yanataja safari ya Mathura. Na usisahau kwamba Akbar huyohuyo, miaka sita baada ya harusi, aliuzingira mji wa Chittor wa Warajput wa Mewar waliokataa kumtii, na ulipoanguka Februari 1568 akaamuru wauawe watu wapatao 30,000, wengi wao wakulima wasio wanajeshi. Idadi hiyo anaitoa Abul Fazl, anayemsifu. Mikono iliyomshika Salim mchanga mwaka uliofuata ni hiyohiyo.

Kuna jambo filamu imelificha, na hapa nakuwa mkali kidogo. Inamwonyesha Akbar kama mume wa mke mmoja. Hakuwa hivyo. Kabla ya binti wa Amber tayari alikuwa amemwoa Ruqaiya, binamu yake, na Salima, mjane wa Bairam Khan aliyekuwa mlezi wake wa utawala. Na baada yake aliongeza wengi. Ukisikia “kama Akbar na Jodhaa”, muulize kijana wako anamaanisha Akbar yupi. Ndoa ya Kiislamu nchini inatambuliwa na Sheria ya Ndoa ya 2014, na inamruhusu mume zaidi ya mke mmoja. Muulize uso kwa uso, bila haya, kabla washenga hawajafunga safari.

La pili ambalo filamu haikuligusa ni watoto. Hadithi inakwisha kabla hawajazaliwa. Salim, mwana wa mama Mhindu, alilelewa Mwislamu na akatawala kwa jina la Jahangir. Kwa upande wako, mchumba wako anasema kweli kwamba dini yake inamruhusu kumwoa Mkristo abaki Mkristo, na hapo wewe una njia iliyonyooka kuliko binti wa Amber. Lakini watoto wanatarajiwa kufuata dini ya baba, na katika mirathi ya Kiislamu mke asiye Mwislamu harithi kama mke Mwislamu. Wanaojua huandikiana hiba au wasia mapema. Hilo mkamwulize kadhi mkiwa wawili. Mimi ni mtu wa historia.

Onyesho ninalolipenda kuliko yote halina upanga wala tembo. Ni lile la jikoni. Jodhaa anaingia jikoni kumpikia mume chakula cha kwao, kisicho na nyama, na Maham Anga, mama mlezi wa mfalme, anamdharau mbele ya watumishi. Chakula kinapoandaliwa, mama huyo anadai mpishi aonje kwanza, maana yake huenda ametia sumu. Jodhaa anaonja mbele ya baraza zima. Akbar anasema atakula kwenye sahani ileile aliyoonjea mkewe. Sina andiko lolote la tukio hilo. Najua tu Maham Anga alikuwa na nguvu kweli, na zilimwisha Mei 1562, miezi michache baada ya harusi, mwanawe Adham Khan alipomuua waziri na Akbar akaamuru atupwe kutoka roshani, mara mbili, maana ya kwanza hakufa. Mama yake alifariki muda mfupi baadaye.

Naliamini onyesho la jikoni kwa sababu nimeliona hapa. Katika harusi na matanga ya huku, Kisumu, Kakamega, Mumias kwenyewe, hata familia ikiwa ya Kikristo tupu, kabla ng’ombe hajaangushwa mtu atauliza: Mwislamu yuko wapi achinje? Anaitwa jirani, anachinja, na chakula kinakuwa cha wote. Hakuna anayehubiri. Ila siku mzee mmoja akikataa kwa ubishi, asiitwe mtu, utaona wageni wanakunywa soda na kuaga mapema, na ukoo utalizungumza jambo hilo miaka kumi. Utakapokwenda kwa wakwe, jiko litakupima kabla ya msikiti. Jifunze mapema nyama inanunuliwa wapi na inaingia chungu kipi, na umweleze mama mkwe kwa upole nawe unakula nini siku zako za kufunga.

Tena mchumba wako hana haja ya kwenda hadi Uhindini kutafuta mfano. Kwao kulikuwa na kasri. Misafara ya wafanyabiashara wa Pwani, Waswahili na Waarabu, ilikuwa ikifika Wanga, ufalme wa Mumias, kutafuta pembe za ndovu tangu enzi za Nabongo, yaani mfalme, Shiundu. Mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson alipopita mwaka 1883, nchi ile ilikuwa tayari inajulikana na misafara. Mwana wa Shiundu, Nabongo Mumia, alisilimu, na wengi wa nyumba yake wakamfuata, hadi Mumias ikawa kitovu cha kwanza cha Uislamu katika magharibi ya Kenya. Alikaa kwenye kiti hadi alipofariki mwaka 1949. Fikiria boma hilo: mfalme wa Kiluhya mwenye mila za wahenga wake, wageni wa kanzu wanaosali mara tano, wake waliotoka koo mbalimbali, baadaye na wamisheni wa Kikristo wakabisha hodi. Waliwezaje kula pamoja? Nani aliolewa na nani, na kwa masharti gani? Mimi natamani sana mwongozaji kijana wa huku ashike kamera aende Mumias wazee wakingali hai. Pesa za tembo na majumba ya marumaru hazitahitajika. Mvua ya alasiri, moshi wa jiko na wanawake wanaojua kusimulia vitamtosha.

Walipendana au hawakupendana? Barua ya mapenzi hatuna, na Akbar hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo tusiitafute. Nina ushahidi wa aina nyingine. Mwanamke huyu alikuja kama rehani ya baba yake, akaishia kuwa tajiri wa baharini. Alikuwa na meli yake, Rahimi, iliyobeba mali na mahujaji Waislamu wakienda Makka. Wareno walipoiteka mwaka 1613, Jahangir alikasirika hadi akaamuru mji wao wa Daman uzingirwe. Kule Lahore kuna msikiti uliojengwa kwa jina lake katika miaka hiyohiyo. Aliishi miaka 17 na zaidi baada ya Akbar kufa, akafa mwaka 1623. Kwa mila za kwao angechomwa na majivu yake kutiwa mtoni. Alizikwa, na kaburi lake liko Sikandra, karibu na la mumewe. Kama alilichagua mwenyewe au alichaguliwa, kila mtu atalisoma kaburi hilo kwa moyo wake. Mke wangu anasema alichagua. Mimi nimekaa na wake wengi wa watawala kwenye vitabu, wengi wamepotea bila hata alama, na namwona huyu alipewa nafasi na akaijaza.

Kwa hiyo mama yako ana haki kuhusu masharti, na mchumba wako ana haki kuhusu dini. Waambie wote wawili nimesema hivyo. Kisha mrudie filamu, mtazame tena lile onyesho la masharti, hemani kabla ya harusi, msimamishe hapo, nawe useme ya kwako kwa sauti. Siku ya kwenda Mumias, akiwepo shangazi au mjomba wa kila upande, yasemwe tena mbele yao.

Na ukishaketi jikoni na mama mkwe wako, ambaye kijiji kizima kinamwita mama fulani, muulize jina alilozaliwa nalo. Kisha niandikie.